Mkeka Mbele ya Saluni

Upolu, Samoa
11 Mei 2018

Yaya Victorine, dada yangu,

Habari ya afya? Miguu bado inavimba ukisimama sana saluni? Mimi ni mzima.

Najua hujajibu barua yangu hata moja tangu 2016. Kazini nimeshinda likizo, nami niko kwenye hoteli ya ufukweni, mbali kupita Australia. Jioni wanatuchezea ngoma. Wanawake wanasimulia hadithi kwa mikono tu. Jana walioka magimbi kwa mawe ya moto, wakayafunika kwa majani ya migomba. Nikala huku nawaza sombe yako, majani ya muhogo unavyoyapika.

Lakini siyo hayo yaliyonifanya niandike. Mhudumu mmoja, mama Sina, anatufundisha wageni kusuka mikeka. Wangu umepinda. Alituambia kwao mtu akiikosea familia vibaya, huenda kuketi mbele ya nyumba yao, amejifunika mkeka, haongei. Wenye nyumba wakitaka, wanamfunua na kumwingiza ndani. Wasipotaka, anabaki pale juani. Wageni wengine wakauliza kama inaruhusiwa kupiga picha. Mimi niliondoka nikaenda chumbani.

Siku ya mahafali yangu ya chuo nilipewa kadi mbili tu za wageni, nikawapa wazazi wa Jeremy, mchumba wangu wa wakati ule, kwa sababu Kiingereza chao kilikuwa kizuri. Wewe uliyenisomesha kwa kusuka vichwa vya watu ukasimama nje ya geti. Miaka miwili nimekuandikia maelezo. Sasa sielezi tena.

Nitakuja Jumamosi, tarehe 26.

Mdogo wako,
Arlène


Johannesburg
28 Mei 2018

Arlène mdogo wangu,

Mimi ni mzima, miguu ndiyo ile ile. Na wewe, shingo inaendeleaje baada ya kuinama siku ile?

Nilikuona. Ulifika nikiwa ndiyo nafungua saluni, ukaketi mbele ya mlango umejifunika mkeka. Gaston, fundi cherehani wa jirani, akaniuliza, "Victorine, huyu muuza mikeka mbona ana mmoja tu?" Nikasuka, nimekupa mgongo. Mama mmoja akakuuliza bei, ukanyamaza, akaenda akilalamika kwamba wachuuzi wa siku hizi wana kiburi. Gaston alipotambua ni wewe akanigombeza kwamba mtoto anatetemeka kwa baridi. Nikamwambia ashone nguo zake.

Pale getini nilisimama masaa manne, na kitenge kipya. Nikajiapiza utakaa manne, sipunguzi dakika. Yalipotimia matatu, askari wakaja kuwafukuza wachuuzi, ukakimbia nao, mkeka kichwani. Eish, nilicheka mpaka msuko wa mteja ukanichomoka mkononi. Halafu nikatoka mbio hadi robot ya pili, kwenye taa za barabarani, chanuo mkononi, nisikuone. Nilirudi nikalia mbele ya wateja.

Imebaki saa moja. Njoo Jumamosi uimalizie. Usilete mkeka, utakamatwa. Utakaa ndani, kwenye kiti changu, maana upepo ulipouinua mkeka nikaona nywele zako. Nani alikusuka vile?

Yaya wako,
Victorine