Waya Mmoja, Maghala Mawili

Jumatano, Newala. Ukungu wa asubuhi umeondoka, jua linachoma kama lina kesi na mtu. Naandika kwa mkono mmoja. Wa kushoto umeshonwa.

Leo wakulima wamempiga Baba Zuhura mpaka meno yakamtoka.

Ni karani wa ghala la korosho la Chilangala. Mimi ni fundi wa Masasi, mitandao nimejifunza kwa video na kwa kuunguza vifaa vya watu. Nililiunganisha ghala lake na la Makote kwenye kompyuta za mbali zinazotunza takwimu za mnada. Waya ni mmoja, mitandao miwili imelazwa juu yake, haionani. Kila furushi la data linavalishwa bahasha yenye namba ya mtandao wake. Wapangaji wawili, nyumba moja, kila mtu na ufunguo wake.

Basi leo skrini ya Chilangala ikasema korosho zao ni daraja la pili.

La pili! Watu walioanika na kuchambua punje kwa punje!

"Karani, umetuuza kwa Makote!"

Mmoja alimkaba, mwingine akamtandika mpini wa jembe. Damu ikarukia mizani. Nikapanda juu ya magunia, nikapiga kelele: "Wazee wangu, si yeye! Hizo takwimu ni za Makote, zimepita waya huu huu!"

Nilidhani naeleza. Kumbe namwaga petroli.

"Ala! Kumbe waya ni mmoja?" Bibi aliyeniitikia marahaba vizuri tu asubuhi ndiye aliyeleta panga. "Kateni mrija wa wezi!"

Wakamwacha karani, wakauvamia waya. Kisanduku changu cha mtandao wakakiponda kwa mawe. Nilipokwenda kukikinga, panga halikuuliza mkono ni wa nani.

Hapa wodini Mama Zuhura amenishika bega. "Fundi, Mungu akulipe. Ungekaa kimya, leo ningekuwa mjane."

Nikasema amina.

Sikumwambia kwamba nilinakili mipangilio ya Makote, nikaibandika Chilangala, nikasahau kubadilisha namba ya bahasha. Tarakimu moja tu. Hakuna aliyeiba.

Lakini kijijini wameapa: karani akikanyaga tena ghalani, wanammalizia. Na yeye, kwa mdomo ule uliovimba, anasema akitoka hapa anarudi kazini.

Kwa hiyo kesho, kabla hajaruhusiwa, nitasimama mbele yao niseme aliyeharibu ni mimi.

Nitakwenda kwa miguu. Pikipiki yangu bado naipenda, wasije wakaichoma moto.