Kwa Mama Justin, Kuhusu Mguu Uliocheza

Kadutu, Bukavu

Mdogo wangu Euphrasie,

Nakusalimu, wewe pamoja na wote wanaokaa nawe msibani huko Shabunda. Sikuulizi kama umelala wala kama umekula, maana majibu nayajua. Nauliza tu kama kile kikohozi cha mvua kimekuacha, na kama kuna mtu anayekuchotea maji. Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua kwenye vilima vya hapa, lakini hilo si la barua hii.

Simu yetu ilikatika baada ya wewe kupaza sauti: "Yaya, mumemuua! Muguu yake ilicheza!" Tangu hapo hupokei simu yangu. Sasa nasikia vijana wa ukoo wanataka kuja Bukavu kumtafuta daktari, kwa sababu mnaamini Justin aliuawa kwa ajili ya figo zake. Ndege hazipo, nami nimempa barua hii mfanyabiashara anayerudi huko kwa pikipiki na kwa miguu. Isome kabla hujawaruhusu kuondoka. Aliyekubali mashine ya kupumulia iondolewe ni mimi, kaka yako unayemwita yaya, si daktari. Ni haki yako kusikia kutoka kwangu jinsi ilivyokuwa.

Unajua kwamba mwanao alianguka na pikipiki akitoka kule Miti, bila kofia ngumu. Hospitali walimlaza katika wodi ya mahututi, wakamwingiza mpira kooni, na mashine ikawa inampumulia. Hakufungua macho hata mara moja. Baada ya siku kadhaa niliitwa na daktari kijana, Dokta Pacifique, aliyerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Aliniambia kwamba ubongo wote wa Justin umekufa, na kwamba mtu wa namna hiyo amekufa, ingawa moyo wake unapiga.

Upande wa pili wa kitanda alisimama muuguzi wa zamu, Maman Furaha. Alikuwa mwanafunzi wangu katika shule ya wauguzi, na hakuwa mvivu.

"Papa Donatien, mimi sikubali," aliniambia mbele ya daktari. "Mutu iko na joto, moyo inapiga, anakojoa muzuri. Ni maiti gani inakojoa?"

Daktari mkubwa wa wodi alipoulizwa, alikuna kidevu akasema tungoje moyo usimame wenyewe, kwa kuwa yeye hana hakika sheria inamruhusu nini.

Euphrasie, nimefundisha wauguzi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Somo letu la kifo lilikuwa na mapigo, pumzi na mboni za macho. Kifo cha ubongo hatukukigusa. Sasa nilikuwa mbele ya watu watatu waliosomea kazi moja, na kila mmoja alinipa jibu lake. Na desturi yetu unaijua: mtoto wa dada haliliwi kabla mjomba hajatamka kwamba amekwenda. Watu wetu walijaa koridoni wakinitazama mdomo. Sikutamka.

Asubuhi iliyofuata Furaha alikuwa akimwosha Justin nyayo. Mguu wa kushoto ukajikunja. Alipiga kelele, na hapohapo akakupigia simu: "Mama Justin, amerudi!" Hakukudanganya. Mguu ulicheza kweli, nami niliuona ukicheza tena alipougusa. Koridoni wakaanza kuimba wimbo wa shukrani.

Dokta Pacifique alikuja mbio. Alieleza kwamba uti wa mgongo unaweza wenyewe kuurudisha mguu unapoguswa, hata kama ubongo umekufa. Maelezo hayo yalikuwa sahihi. Laiti angeishia hapo. Lakini akaongeza: "Ni kama kuku. Ukimuchinja, si anarukaruka?"

Balthazar, shemeji yako, akasimama. "Dokta, unaita mutoto yetu kuku?"

"Hapana, papa, nilitaka tu uelewe."

"Nieleweshe basi. Kama amekufa, juu ya nini kila kitu ndani yake iko inafanya kazi?"

"Ndiyo maana kule ng'ambo nilisomea," daktari akasema, kwa nia njema na kwa busara kidogo, "familia ikikubali, mutu kama huyu anaweza kutoa figo zake, na mugonjwa mwingine anapona."

Neno figo lilizaliwa hapo, mdogo wangu. Hakuna aliyeziomba. Hapa kwetu hakuna hata mtu awezaye kuzihamisha. Lakini kabla ya adhuhuri neno lilikuwa limefika sokoni, na kutoka sokoni likafika kwako. Balthazar aliziba mlango wa wodi kwa mwili wake.

"Hapa hakuna mutu anaingia na kisu! Na weye Donatien, hawa bote ni banafunzi yako. Bamekuahidi nini?"

Vijana wa mtaa walikuwa wanakusanyika langoni, na baadhi yao walikwisha kushika mawe.

Katika hali hiyo umeme ukakatika, na jenereta ikakataa kuwaka. Furaha alichomoa mpira kwenye mashine, akaunganisha mfuko wa kupulizia hewa, akaanza kuubana kwa mikono. Alipochoka, Balthazar aliacha mlango, akaupokea. "Vuta, mwanangu, vuta," alikuwa akimwambia. Umeme uliporudi, shati lake lilikuwa limeloa. Niliona kwamba naye amechoka kutojua.

Ndipo niliposema kwamba hakuna atakayetamka lolote mpaka Justin apimwe mbele yetu: madaktari wote wawili wapime, kila mmoja kwa wakati wake, na Furaha na Balthazar wawepo. Daktari mkubwa alisema si kawaida jamaa kuingia. Nilimjibu kwamba si kawaida pia kumpa mama majibu matatu juu ya mwana mmoja. Aliona haya, akakubali, naye Balthazar akatoka langoni kuwaambia vijana wangoje.

Walihakikisha kwanza kwamba dawa za usingizi zimekwisha mwilini na kwamba joto lake ni la kawaida. Walimulika macho, mboni hazikusinyaa. Waligusa jicho kwa pamba, halikupepesa. Walimtia maji baridi masikioni; macho hayakusogea. Waligusa ndani ya koo, hakukohoa. Mwisho walimtoa kwenye mashine, wakaacha hewa safi iingie kwa mrija mwembamba ili asidhurike, tukangoja kuona kama atavuta pumzi yake mwenyewe.

Niliweka kiganja changu juu ya kifua chake. Nilihisi moyo ukipiga, Euphrasie, sikufichi. Nilingoja kifua kipande juu. Nilimwita kwa jina lake, kisha kwa lile jina la utani ulilompa angali mchanga. Kifua hakikupanda. Walimrudisha kwenye mashine, na baadaye daktari mkubwa akarudia yote. Hakikupanda tena.

Furaha ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo: "Papa, haivute. Hata kidogo."

Balthazar alinitazama. "Mjomba," akasema, "sema basi."

Nikasema: "Justin ametuacha." Vilio vikaanza. Mashine ikaondolewa, na moyo ukaendelea kupiga kwa muda kabla ya kunyamaza. Muda huo nitauzungumza na Mungu, kwa maana hakuna kitabu kilichonisaidia kuuvumilia.

Tulimwosha mimi na Balthazar. Yeye alimgeuza ubavu huu na ubavu ule, akapitisha vidole mgongoni na tumboni akitafuta mshono. Hakuupata. Muulize mwenyewe; sitaki uniamini mimi peke yangu.

Limebaki jambo moja. Katika wodi ya jirani alilala mama mmoja kutoka Minova, figo zake zimeharibika, na watoto wake walikuwa wakisali wameegemea ukuta. Nilipowapita nikitoka kwa Justin, niliwaza yale aliyoyasema daktari. Niliwaza tu, lakini wewe ni mama yake na huna budi kujua kilichopita moyoni mwangu. Kama wangeniomba, ningewajibu kwamba hilo si neno la mjomba. Wangekungoja wewe. Ungewajibu nini, sijui, nami sikulazimishi kuniambia.

Wazuie vijana. Daktari yule hajui kusema na watu, lakini hakumuua mwanao. Furaha naye amekuwa akija kila siku kukaa nasi matangani, na kila akisikia simu ikilia hudhani ni wewe. Kama hasira haina pa kwenda, ije kwangu. Nitaipokea kama kaka.

Msalimie kaka yetu mkubwa, msimamizi wa ukoo, umsomee barua hii yote asiruke mstari. Msalimie Mama Régine, bibi yake Justin, na shangazi anayekulindia nyumba. Mpe pole binti yako Espérance, dada wa marehemu.

Simu yangu iko wazi. Nipigie hata kama ni kwa kunigombeza.

Ni mimi niliyezaliwa kabla yako na ninayelia pamoja nawe,

Yaya wako, Donatien