Ulingoja Karata Nzuri Mpaka Ukaliwa

Chumba cha pasi,
Nyuma ya duka la dobi.
Jumanne, tarehe tisa, mashine ya kwanza bado inazunguka.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Miaka minne. Hata paka aliyehama nyumba hupita siku moja kuangalia kama sahani yake bado ipo. Wewe uliondoka na begi moja, ukasema ukipata utarudi, na tangu hapo kila nikiuliza ni lini naambiwa, "Bibi, nikishinda." Ushinde nini? Nani hapa alikutuma kombe? Kabati langu limejaa mashuka ya watu, halina pa kuweka kombe.

Hujambo lakini? Unakula? Usijisumbue kunidanganya, nimekuona kwenye simu, mashavu yameingia ndani kama mifuko ya suruali. Kile kifua chako cha baridi kimepona? Mimi sijambo. Magoti yananung'unika, ila mikono bado inakamua blanketi, na ikibidi itakukamua na wewe. Habari ya macho nitakupa nikishamaliza kukugombeza.

Anayeandika ni Karani, jirani yetu mstaafu, yule aliyekufundisha kufunga tai. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipeleka sare zilizonyooshwa. Nimemwapisha aandike ninavyosema. Ameshachomeka "tafadhali" mara mbili na mara mbili nimemwambia aifute.

Sasa tuje kwenye aibu yako. Ile Jumapili ya mashindano ya poka tulifunga duka. Nimefunga duka mimi, ambaye siku niliyomzaa mama yako nilipiga pasi mpaka saa nne. Tukakaa kwenye benchi mimi, Karani, Shangazi yako na Fundi wa cherehani, simu ya Karani tumeiegemeza kwenye chupa ya wanga. Mezani mko tisa wa mwisho na wewe ni wa pili kwa wingi wa vifungo. Najua huko mnaviita chipu. Nilikufundisha kwa vifungo vya mashati vilivyopotezwa na wateja, na vitabaki vifungo.

Basi nikamwona mume wangu anatupa karata. Anatupa. Anatupa tena. Fundi alikuwa anachomeka pini kwenye kitambaa kila ulipotupa, akafika pini arobaini na moja. Na kila duru lile dau la lazima, la kulipa kabla hujaona karata, linakufikia, unalipa, halafu unaliacha liende. Yule mwanamke wa kofia ya njano aliyekaa kuliani kwako alikuwa analichukua kama mtu anayeokota nguo zake kambani. Hakuwa na karata. Simu ilituonyesha karata zake, alikuwa na takataka. Alichokuwa nacho ni wewe.

Mwisho ukapata ree na mfalme, ukaona bahati imefika, ukaweka vyote. Vyote vipi? Vilibaki vifungo vya shati la mtoto mchanga. Watu wawili wakakufuata kwa sababu kukufuata hakukuwagharimu kitu, na mmoja wao, mwenye saba na nne, akapata saba nyingine akakutoa. Ukamaliza wa tano kati ya tisa. Shangazi yako akasema, "Masikini, bahati mbaya." Nikamwambia anyamaze. Bahati haijaingia hapo. Mtu akikaa sebuleni nyumba ikiungua, akafa mlangoni, hatusemi mlango ulikuwa na mkosi.

Nilikukasirikia siku mbili. Mashati ya mwalimu mkuu niliyatia wanga mpaka yakasimama yenyewe.

Siku ya tatu nikajikasirikia mimi. Nani alikufundisha kungoja? Ulikuwa na miaka saba, umekaa juu ya kapu la nguo chafu, kila ukirukia karata mbaya nakupiga kofi la mkono nakwambia mvumilivu hula mbivu. Lakini kwenye meza yetu hapa hatujawahi kuweka dau la lazima. Tulicheza vifungo, na hakuna aliyetaka mtoto alie. Aliyetaka kungoja alingoja bure, angeweza kungoja mpaka pasi ipoe. Nikakulea kwenye meza isiyotoza kitu, halafu ukaenda kukaa kwenye meza inayokula watu. Kosa hilo ni langu na sitamwachia mtu mwingine alibebe.

Kwa hiyo nikawaita wote watatu, tukaanza upya. Safari hii tukaweka dau la lazima, na kila mashine ikimaliza kufua, dau linapanda maradufu. Mashine ile unaijua, ikifika kukamua inatikisa meza nzima, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hakujua. Siku ya kwanza nilicheza kama wewe, nikangoja. Kufikia fungu la tatu la mashuka nilikuwa nimeliwa na Shangazi yako, mtu ambaye hajui hata jozi mbili na karata tatu sawa ipi kubwa. Alikuwa anasukuma tu vifungo vyake katikati ya meza. Nilimchukia siku nzima.

Tangu hapo nimejifunza, na utanisikiliza. Kabla hujaangalia karata zako, hesabu vifungo vyako ni mara ngapi ya dau la lazima. Zikiwa mara arobaini, cheza kwa adabu niliyokufundisha. Zikishuka zikafika kama kumi, adabu imekwisha. Hapo hakuna kuchungulia, hakuna kuweka kidogo uone wenzako watasemaje. Unaweka vyote au unatupa. Na uviweke vikiwa bado vinatisha. Vya madau kumi vinamfanya mtu akune kichwa, vya madau matatu vinamfanya acheke.

Tena uwe wa kwanza kusukuma. Karani alibishana nami juu ya hili kutwa, ati karata ni karata. Nikamwuliza: aliyesukuma anashindaje? Wenzake wakiogopa anashinda, wakimfuata bado anaweza kushinda. Aliyefuata je? Ana njia moja tu, awe na karata bora. Basi ya kufuata iwe nzuri kuliko ya kusukumia. Karani akaomba tugawe tena.

Usimsukume kila mtu. Mkibaki kumi na mmoja na zawadi ni za watu kumi, angalia nyuso. Mwenye vifungo vingi kuliko wewe mpishe, anaweza kukutoa asisikie hata maumivu. Mwenye viwili vya mwisho mpishe naye, huyo hana cha kuogopa. Wale wa katikati, wanaojishika matumbo wasije wakatoka sasa hivi, hao ndio mali yako. Wewe ulijishusha ukawa wa katikati, mume wangu. Yule wa kofia alikujua kabla hujakaa.

Kungoja kuna mahali pake bado, sikatai. Ukiona jirani yako amebakiwa na vifungo vya kulipia duru moja tu, na wewe unavyo vya kutosha, mwache atangulie, upande daraja ukiwa umekaa. Lakini huko ni kungoja kitu unachokiona. Wewe ulikuwa unangoja usichokiona.

Sasa macho. Ni presha ya macho, daktari ameniambia bila kuzunguka na nilimpenda kwa hilo. Pembeni kumekwisha ondoka. Namwona wa mbele yangu kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Matone ninayotia yanalichelewesha, hayarudishi kilichokwenda. Ndiyo maana Shangazi yako aliniibia madau siku ile ya kwanza, alikaa ubavuni na sikumwona akisukuma. Sasa Karani ananitajia nani kafanya nini. Daktari anasema labda mwaka, labda miaka miwili. Usimlaumu mtu kwa kutokuambia, niliwakataza. Nilitaka uje kwa hiari yako. Hilo nalo lilikuwa kungoja, na nimekoma.

Najua tarehe ishirini unakaa mezani tena. Kakae. Sukuma. Nitakuwa kwenye benchi na nikiona pini zinafika kumi nitaitupa simu ya Karani kwenye mashine, na ameandika hivyo mwenyewe.

Lakini kile kiapo chako cha nikishinda sikitambui. Umekaa huko unangoja karata nzuri ya kuingia nayo nyumbani, na kila mwaka unaotupa, dau linalipwa. Hulilipi wewe. Nalilipa mimi, kwa macho. Utolewe wa kwanza au wa mwisho, siku inayofuata panda gari. Hapa hakuna atakayekuuliza umebeba nini. Atakayeuliza nitamnyoosha kwa pasi ya moto.

Shangazi yako anakusalimu, amekuwa na kiburi sana tangu aanze kushinda. Fundi anakusalimu na anauliza kiuno chako kimebaki saizi ile. Karani anakusalimu kwa mwandiko wake mwenyewe: "Njoo, kijana wangu, hali yake ni kama anavyosema." Hilo la mwisho sikumtuma, lakini ameninong'oneza na nimeliacha.

Mungu akupe uoga kidogo na akili nyingi, akuondolee yule wa kofia ya njano, akulete.

Wako akupendaye kwa hasira zote alizo nazo,

Bibi yako wa pasi

Siku utakayofika, usiingilie mlango wa dukani, utakuwa pembeni yangu na sitakuona. Pita nyuma, zunguka meza, ukae kwenye kapu lako mbele yangu kabisa, mwanga wa dirisha ukupige usoni. Usiseme neno wala usigawe karata mpaka nikwambie nimeshiba kukuangalia.