Kidole Juu ya Mlango

Meneja wangu,

Chai iko kwenye chupa, mkate nimeufunika. Mdogo wako anywe dawa baada ya kula, si kabla. Sare yako ya chuo cha hoteli nimeipiga pasi, iko kwenye kiti.

Nimeondoka bila kukuaga. Najua leo una mtihani wa kukagua vyumba, na asubuhi ulikuwa unajifua tu. Lakini ulipopitisha kidole juu ya mlango wa chumba changu, ukakitazama, ukasema "Vumbi!" na kuandika kwenye daftari bila hata kuniangalia, nilijiona niko kazini. Vumbi lilikuwepo, sikatai. Ila miaka kumi na tisa natandika vitanda vya wageni, na kidole hicho nakijua. Sikutegemea kukikuta nyumbani, tena kwa mwanangu.

~~Leo usinipitie hotelini.~~ Ukitoka chuoni nipitie, saa kumi, mlango wa nyuma. Nataka kusikia mtihani umekwendaje.

Kitandani kwangu nimetoa shuka makusudi. Tandika mara mbili kabla hujatoka, maana pembe zako za upande wa miguuni bado zinalegea.

Na siku ukiwa meneja kweli, pitisha kidole, ndiyo kazi yenyewe. Ila kwanza msalimie aliyeshika kitambaa.

Mama

Juu ya mlango nimeshafuta. Kakague.