Ubeti wa Nne Unataka Jina

Nashville, 3 Machi 1956

Baba yangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Kifua kinaendeleaje? Ile dawa ya kitunguu unainywa, au unampa mbwa? Mimi sijambo, ila miguu imevimba kwa kupanda ngazi za maofisi. Nimepanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Pruitt, ambaye mkate wake wa mahindi anautia sukari. Naula na kunyamaza.

Baba, nimepata mtu. Anaitwa Bwana Tolliver, anarekodi waimbaji wa muziki wa kantri. Nilimpigia nyimbo sita nilizotunga mwenyewe, naye akapiga miayo sita. Kwa kukata tamaa nikashika gitaa nikaanza ule wimbo wa mazishi aliotuachia nyanya yako. Beti mbili tu, miayo ikakatika. Anautaka kwenye santuri. Sijamjibu, nasubiri neno lako.

Ni mimi bintiyo,
Verdie

Bonde la Stillhouse, Kentucky, 10 Machi 1956

Mwanangu Verdie,

Barua yako imenikuta barazani nakohoa, kwa hiyo nipo kama ulivyoniacha. Vumbi la makaa nililolivuta mgodini miaka ishirini halitoki kwa kitunguu. Mbwa anakusalimu, na dawa yako naye haitaki.

Kuhusu wimbo, hapana. Beti tatu za kwanza imba hata ukikamua ng'ombe. Ubeti wa nne una nafasi ya jina, na hauimbwi mpaka maiti awe amelala ndani ya nyumba. Ulikuwa na miaka tisa nilipoutia jina la mama yako. Mimi nilirusha mstari, nikiutamka kwanza peke yangu, kanisa zima likaudaka na kuuvuta polepole, na wewe ukavuta pamoja nasi. Nyanya alituonya kwamba wimbo ukipewa jina kabla ya maiti, utatoka kwenda kumtafuta mwenye jina hilo.

Tunga wako. Kichwa unacho, ulikirithi kwa mama yako.

Baba yako,
Arvil Fugate

Nashville, 22 Mei 1956

Baba,

Shikamoo, na usinikasirikie kabla ya kumaliza kusoma. Nimenyamaza miezi miwili kwa woga, si kwa ugonjwa. Je, wewe u mzima?

Nimeurekodi. Bwana Tolliver aliniambia, "Dada, beti tatu hazina mwisho. Usiponipa mwisho, hapo nje kuna wasichana kumi na magitaa yao." Nilifikiria kurudi Stillhouse kufua nguo za wachimbaji, nikashindwa kusema hapana.

Lakini nilitumia akili. Yeye anadai Verdie Fugate ni jina linalonuka makaa, kwa hiyo amenibandika jipya, Lorna Vail, alilolitoa kichwani mwake. Nikaona hilo ni jina lisilo na mwenyewe. Nikaliweka kwenye ubeti wa nne:

Mlima umefunga njia, taa imezimwa ndani,
Nani huyo abisha hodi? Ni Lorna yuko mlangoni.

Nani atadhurika hapo?

Kuna jambo moja tu. Katika chumba cha kurekodia nilikuwa peke yangu na gitaa. Fundi wa mitambo alipotusikilizisha, kila nilipomaliza mstari kulikuwa na watu nyuma yangu wanauvuta, taratibu, kama kanisani kwetu. Akabadilisha waya, akabadilisha kipaza sauti, tukarudia. Bado wapo. Bwana Tolliver amefurahi sana. Mimi nimetambua sauti mojawapo, baba. Ni ya mama.

Bintiyo,
Verdie

Bonde la Stillhouse, 30 Mei 1956

Verdie,

Mwili sijambo. Moyo, nisikudanganye.

Jana niliusikia kwenye redio ya dukani. Wanaume waliokuwa wakicheza dama walivua kofia, na hakuna aliyewaambia wavue. Nami nikawasikia hao wanaovuta. Nilihesabu sauti ninazozijua, na zote nimewahi kuziimbia ubeti wa nne.

Unasema jina halina mwenyewe. Nikuulize: mtangazaji akiita Lorna Vail, nani anainuka kwenye kiti? Jina ni la anayeitika, mwanangu. Umeuingiza wimbo kwako mwenyewe na mlango umeufungua kwa mkono wako. Acha kuuimba. Ukirudi nyumbani hakuna atakayekucheka, na atakayecheka ataniona mimi.

Baba yako

Nashville, 9 Septemba 1956

Baba mpendwa,

Natumai kifua kimepata nafuu majira haya ya joto. Mimi si mzima. Nasikia baridi wakati Bi Pruitt anajipepea kwa gazeti.

Sikuacha. Nimetia saini mkataba, na kila ninakokwenda watu wanautaka huo tu. Nilikuwa naona ni woga wa wazee. Sasa nakuomba msamaha.

Jana mchana niliimba Knoxville. Ukumbi ulijaa watu wa milimani, watu wetu. Nilipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Waliinuka mstari mmoja baada ya mwingine, wakapanga foleni, wakapita mbele ya jukwaa mmoja mmoja wakinitazama usoni, kama tunavyopita mbele ya jeneza. Wengine walinigusa mkono. Nikasema, "Jamani, mimi mzima." Bibi mmoja akajibu kwa upole, "Ndiyo, maskini, anaonekana kama amelala tu." Halafu akanyoosha vidole, akanifumba macho.

Yalichelewa kufumbuka, baba. Sitaki kufa. Nifanye nini?

Bintiyo,
Verdie

Bonde la Stillhouse, Jumamosi, 15 Septemba 1956

Mwanangu mpenzi,

Barua imefika, na nimekula vizuri leo: maharage, mkate wa mahindi usio na sukari.

Sikiliza. Wimbo ukishapewa jina haurudi mikono mitupu, lakini anayerusha mstari anaweza kubadilisha jina, maana wengine wote hufuata anachotamka yeye. Katika bonde hili anayerusha mstari ni mimi. Kesho baada ya ibada nitauimba hapa sebuleni, beti zote nne. Saa ya ukutani nimeshaisimamisha, na kioo nimekifunika kwa shuka la mama yako. Kazi hizi hufanyiwa maiti na majirani, lakini wa kwetu nawajua, wangesahau kioo.

Usije. Kifua hiki hakikuwa na Krismasi nyingi mbele yake. Nilikukatalia wimbo ule kwa ukali, na sikukuambia kwamba umeuimba vizuri kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Mbwa atakuwa kwa jirani.

Nakupenda.

Baba yako,
Arvil

Nashville, Jumatano, 19 Septemba 1956

Baba,

Hujambo? Niandikie neno hilo moja tu, kwamba hujambo.

Barua yako nimeipata leo. Jumapili nilikuwa Bristol, onyesho la saa nane mchana, sina habari ya lolote. Nilifika ubeti wa nne, nikafungua kinywa kusema Lorna, likatoka Arvil. Sijawahi kuimba hivyo, wala sikukusudia. Wanaovuta wakalidaka, wakalivuta mpaka mwisho, na katikati yao palikuwa na mwanamume anayekohoa.

Baridi ikanitoka hapohapo. Nilisimama nikiwasubiri watu wapange foleni, na mbele kabisa alikuwa yule bibi wa Knoxville.

Hakuna aliyekuja kunitazama. Walipiga makofi, baba. Walipiga sana.

Ni mimi bintiyo,
Verdie Fugate