Neno Nililolinyamazia Mkutanoni

Maputo,
Jumapili asubuhi

Dada yangu Nkwimba,

Mwangaluka, dada. Kama barua hii imekukuta umesimama, kaa kwanza, maana ni ndefu na sehemu yake moja haitakupendeza. Mgongo unaendeleaje? Mayu, mama yetu, anaona vizuri kwa lile jicho lililotibiwa, au bado anamwita mumeo kwa jina la mwanao? Na mvua je, imenyesha ya kupandia pamba, au ni ile ya kulowesha vumbi tu? Mimi mwili wangu ni mzima. Michembe ya viazi uliyompa yule dereva imefika salama, nami nimeila peke yangu, mlango nimeufunga. Wabeja sana.

Umeniandikia kwamba maduka ya Bariadi sasa yamejaa sabuni na vitenge, na kwamba tangu mambo yawe ruksa hata wachunga ng'ombe wa Kasoli wanavaa makoti ya mitumba. Nimefurahi. Lakini umeniandikia pia kwamba umekata picha ya gazeti ukaibandika ukutani, na kwamba unawaambia watu gulioni yule kijana anayemnong'oneza waziri ni mdogo wako. Dada, yule si mimi. Sikulaumu, wino wa gazeti ulikuwa umemchafua uso. Mimi ni kile kiwiko kinachoonekana nyuma yake. Yule ni Idrisa.

Sijawahi kukuandikia habari za Idrisa kwa sababu kila nikijaribu kalamu inakuwa nzito. Ni mkalimani kama mimi. Aliletwa mwaka jana, kijana wa Tanga, amesoma Kireno miaka miwili darasani. Mimi, unajua mwenyewe, Kireno changu nilikiokota kusini nilipokuwa mwalimu, nikikaa na wapigania uhuru kambini, nikila nao, nikiwaandikia barua zao za nyumbani. Miaka minane nilikuwa nikikaa kiti cha mbele, karibu na mkubwa wetu, huyo waziri wa kwenye picha. Alipokuja Idrisa, niliambiwa nihamie kiti cha nyuma niandike kumbukumbu. Hakuna aliyenieleza sababu, lakini sababu niliisikia kila alipofungua mdomo. Kiswahili chake ni laini, kinateleza. Changu watu wakikisikia wananiuliza nyumbani tuna ng'ombe wangapi.

Nilianza kumhesabia makosa. Nilimchukia kwa suti yake, kwa redio kaseti yake mpya, kwa jinsi anavyowaamkia hata wafagizi kwa majina yao. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ananiheshimu. Ananiita "mwalimu". Akiniita hivyo nilikuwa nageuka pembeni kama mtu aliyeingiwa na mdudu jichoni.

Sasa nikueleze kilichotokea. Majina sitataja, niliapa, na barua nyingine hufunguliwa njiani. Hii nchi niliyopo na yetu ni marafiki wa tangu vita vya uhuru. Wana jirani mmoja mkorofi. Watu wenye silaha wanatoka upande wake, wanavuka mto, wanachoma vijiji, kisha wanarudi kwake kupumzika. Akiulizwa anasema hawajui. Basi ujumbe wetu ulikuja hapa kuzungumza na wenyeji: tumwendee huyo jirani kwa sauti moja, na wakati huohuo malori yetu yapeleke chakula kwenye vijiji vya mtoni, yakisindikizwa na askari wa pande zote mbili. Malori yalikuwa yameshapakiwa. Kilichobaki ni wakubwa kukubaliana na kutia saini.

Siku ya pili ya mkutano, asubuhi, waziri wa wenyeji alizungumza. Ni mzee aliyechoka, huongea kwa kumeza maneno. Mwishoni aliweka mikono mezani akasema kwamba hawawezi kusubiri zaidi. Ndivyo alivyosema, dada. Lakini Kireno kina neno moja linalobeba kusubiri na kutumaini kwa pamoja, nawe unajua ni maana ipi kwa kumtazama anayesema. Idrisa hakumtazama. Alikuwa anatafuta namna ya kulipamba, akasema kwa ile sauti yake nzuri: "Hatuna tena la kutumaini kutoka kwenu."

Nilimwona mkubwa wetu akifunga kalamu yake.

Kikaratasi kilikuwa mbele yangu. Ilinipasa kuandika maneno matatu tu, nikisogeze. Hiyo ndiyo kazi ya anayekaa nyuma. Niliishika kalamu, na hapo ndipo moyo wangu ulipocheka. Nasema ulicheka, sitafuti neno jingine. Nilisema moyoni, haya, walimtaka huyu, wamle. Nikaandika kumbukumbu kama kawaida, mstari baada ya mstari, mkono wangu umetulia.

Mkubwa wetu alijibu kwa ubaridi. Alisema kama nchi yetu haitumainiwi, basi haina haja ya kuharakisha malori. Idrisa akatafsiri hilo sawasawa, bila kosa hata moja. Waziri wa wenyeji akamtazama kama mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake. Kabla ya chakula cha mchana mkutano ulikuwa umevunjika, watu wetu wanaulizana habari za ndege ya kurudi.

Mimi siku ile nilikula vizuri. Nilimwona Idrisa amekaa peke yake, anageuza geuza karatasi zake, hajui alipokosea. Nilipita karibu naye mara mbili. Sikumsemesha.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kuchukua vitu vyetu ukumbini. Kuna mama mmoja pale, mpiga chapa wa wenyeji, jina lake Celeste, tunajuana tangu zamani. Alikuwa anafunika mashine yake. Akaniuliza kwa Kireno, polepole, kama anayeogopa jibu:

"Masanja, tumewakosea nini?"

"Kwa nini unauliza?"

"Waziri wetu alisema tu kwamba hatuwezi kusubiri. Ninyi mkakasirika mkaondoka. Mama yangu yuko kule mtoni. Walinitumia habari kwamba wanajificha kwenye matete, wanangojea malori. Niwaambie nini?"

Dada, nilitaka kumwambia sijui. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini yule mama alikuwa ananitazama kama wewe ulivyonitazama siku ile nilipoacha ndama wa baba akaliwa na fisi nikasema sikuwepo. Nikaweka mafaili chini, nikaenda hotelini walikofikia watu wetu.

Mkubwa alikuwa anakunywa chai, na masanduku yameshatolewa mlangoni. Nikamwambia, "Mzee, jana waziri alisema hawawezi kusubiri. Hakusema hawatutumaini."

Aliweka kikombe. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Umelijua hili lini?"

Hapo ningeweza kujiokoa. Ningesema nimelijua asubuhi ile, niliposoma kumbukumbu, na hata wewe usingejua kamwe. Nikasema, "Nilijua palepale, Mzee. Nilinyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kiti kile kilikuwa changu."

Hakunifokea. Ningependa anifokee. Alitazama masanduku yake, kisha akasema, "Siku moja kwetu sisi ni chai na ndege. Kule mtoni siku moja ni siku moja." Akamwita msaidizi wake, wakampigia simu waziri wa wenyeji. Mchana wakakutana tena, wazee wawili wakashikana mikono kwa aibu, na kabla jua halijatua saini zilikuwa zimewekwa. Malori yaliondoka alfajiri iliyofuata. Siku moja yalichelewa, na siku hiyo ni yangu.

Mama yake Celeste yuko hai. Wengine wa kijiji kile sijauliza. Celeste angeniambia, ndiyo maana sijauliza.

Mimi nimeondolewa kwenye mikutano. Sasa nipo dirishani ubalozini, napokea pasi za wanaotaka viza. Mkubwa hakumwambia mtu yeyote kwamba nilinyamaza kwa makusudi, alisema tu nimegundua kosa. Hilo ndilo limenifunga zaidi, kwa sababu Idrisa alikuja chumbani kwangu siku ya pili baada ya saini, amevua koti, macho mekundu. "Mwalimu," akasema, "umeniokoa. Ningefukuzwa, na watu wangekufa kwa ulimi wangu."

Nilimwambia ukweli wote. Nilidhani atanipiga, na nusu yangu ilitaka hivyo. Alikaa kitandani kwangu. Kisha akasema, "Hata mimi ningekuonea wivu, mwalimu. Wewe unawaelewa hata wasipomaliza kusema." Akaniomba nimfundishe Kireno cha mtoni na kambini, kile ambacho hakimo vitabuni.

Unadhani wivu uliniisha? Haukuisha. Uliongezeka, maana sasa ananizidi hata kwa moyo. Lakini nilimfundisha. Kila siku kabla ya kazi tulikaa barazani, nikamfundisha kumtazama mtu mikono kabla ya kumtafsiri, nikamfundisha maneno ya wavuvi na ya askari. Anashika upesi mno. Lilibaki neno moja la watu wa mtoni, la kumbembeleza mtu mwenye hofu, ambalo lilinichukua miaka mitatu kulijua. Nilikaa nalo wiki nzima. Juzi nikampa na hilo.

Mkutano mwingine unakuja, na safari hii huyo jirani mwenyewe amekubali kukaa mezani. Ni mkutano ambao kila mkalimani huuota. Mkubwa alinitumia fomu nimpendekeze mtu wa kukaa kiti cha mbele, kwa kuwa mimi najua kazi za wote. Fomu ilikaa mezani kwangu siku nne. Jana nimeandika jina la Idrisa, kwa herufi kubwa, nikaipeleka mwenyewe kwa miguu ili nisipate njia ya kuirudisha. Nikiwa njiani wivu ulikuwa unanichoma kifuani kama siku ya kwanza. Nikaikabidhi hivyo hivyo.

Msomee mayu mwanzo wa barua hii na mwisho wake, katikati ubaki nayo wewe. Mwambie asiache dawa ya jicho. Msalimie shemeji yangu, mumeo, na umwambie koti lake nimelipata ila mikono ni mifupi. Salamu kwa mjomba Shija wa Sola, na kwa shangazi Minza kule Mwamanyili, ambaye najua atauliza nimeoa lini. Wanao wote wasalimie kwa kuwashika vichwa, mmoja mmoja.

Nijibu, dada, hata kama ni kwa kunigombeza.

Ni mimi mdogo wako uliyenibeba mgongoni ukiwa shambani,
Masanja