Kwaresima ya Mwaka Jana

Mdogo wangu Thobias,

Marahaba. Najua umeshanipa shikamoo kabla hujafungua bahasha, maana mama alitufunza adabu kwa fimbo. Hamjambo hapo Kigonsera? Kahawa imeanza kuiva?

Nakuandikia kwa sababu sauti imenikauka. Kwenye simu ungesikia mikwaruzo tu. Hii ni wiki yangu ya saba wodini hapa Dar. Watu ni wengi, ila sina wa kuongea naye Kimatengo hata neno moja. Mzee wa Kilwa aliyekuwa kitanda cha pili alichukuliwa na wanawe juzi. Nimebaki natazama godoro lake. Upweke unaniumiza kuliko koo.

Ugonjwa wenyewe ni saratani ya umio, njia ya chakula. Wameniwekea mrija ili uji upite. Siku ya kwanza daktari, binti wa umri wa mwanangu Gaudensia, aliniuliza, "Baba, ugali ulianza kukukwama lini?"

"Kwaresima."

"Ya mwaka huu?"

"Ya mwaka jana."

Akaweka kalamu chini.

Unaikumbuka Kwaresima ile? Niliona aibu kupaliwa mbele yenu kwenye sahani moja, nikasema nimefunga, nanywa uji tu. Mkanisifu. Katekista akanitolea mfano kanisani. Pasaka ilipofika nikasema naongeza siku, kisha nikasema tuvune kahawa kwanza. Ujinga mtupu! Daktari anasema anayewahi, uvimbe ukiwa haujasambaa na mwili una nguvu, huwa na nafasi nzuri ya kuishi. Mimi nilifika mifupa mitupu.

Sasa nisikilize. Mkeo amenitumia ujumbe kwamba umeacha ugali, kila siku uji, na ukiulizwa unasema umefunga. Thobias, Pasaka imeshapita. Unamfungia nani?

Iache kahawa mtini. Panda basi la asubuhi uende Songea, waambie ukweli, wakuangalie kooni. Wakikuta ni kidonda tu, nicheke mpaka uchoke.

Mama mpe shikamoo yangu, lakini barua hii usimsomee. Mke wangu mwambie namkumbuka sana. Katekista naye msalimie, umwambie ile sifa aliyonipa nairudisha.

Barua usinijibu. Nitumie karatasi ya kipimo.

Kaka yako,
Osmund